Sura ya Sita: Leseni Inayorudisha

Kabla sijauliza programu inafanya nini, huuliza kwanza jambo lingine: mwenye nayo akiondoka kesho, mimi nabaki na nini? Wengine wataona ni swali la woga. Kwa mtu wa Lubumbashi ni swali la kawaida, kwa sababu mji huu umeshawahi kujibiwa, na jibu lilikuwa chungu.

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Tarehe 1 Januari 1967 serikali ilitwaa mali za Union Minière du Haut-Katanga, na ikazaliwa kampuni ya taifa ambayo baadaye tulikuja kuiita Gécamines. Mashimo yakawa yetu, tanuru likawa letu, na bomba refu la moshi linaloonekana mji mzima likawa letu. Lakini kufikia Februari ya mwaka huohuo serikali ilikuwa imeketi mezani na Société Générale des Minerais, kampuni ya ukoo uleule wa waliotolewa, na kuikabidhi usimamizi wa ufundi na uuzaji wa madini. Mali ilikuwa mikononi mwetu. Maarifa ya kuiendesha na njia za kuiuza zilibaki Ubelgiji. Kila nikiona programu iliyofungwa, ile unayopewa uitumie bila kuruhusiwa kuona jinsi ilivyoandikwa, historia ya Februari ile hunijia.

Kwa hiyo sura hii ni ya maoni yangu, na sitayaficha. Leseni ya programu ni mkataba kama mkataba mwingine wowote. Inasema nani anaruhusiwa kutumia, kunakili, kubadilisha, kuuza, na nani anaweza kukunyang'anya ruhusa hiyo. Mwaka 2007 serikali ya Kinshasa ilipounda tume ya kupitia upya mikataba ya migodi, watu wa Katanga walijua kujadili hisa, asilimia na muda wa mkataba kama mawakili. Lakini watu haohao, nami nikiwa mmoja wao, hubonyeza kitufe cha kukubali kwenye kompyuta bila kusoma mstari hata mmoja. Nadhani ni kwa sababu programu haina shimo ardhini. Hatuoni kinachochukuliwa.

Teknolojia ninayoipenda kuliko zote ni ramani. Nasema OpenStreetMap, iliyoanzishwa na Steve Coast nchini Uingereza mwaka 2004, ramani ya dunia inayochorwa na yeyote anayetaka kuichora. Ina historia na mji wetu ambayo watoto wetu hawafundishwi shuleni, nami naona wangepaswa kufundishwa.

Novemba 2014 Madaktari Wasio na Mipaka, Msalaba Mwekundu wa Marekani, ule wa Uingereza, na kikundi cha wachora ramani za misaada kiitwacho HOT walizindua mradi wa Missing Maps, yaani ramani zinazokosekana. Lubumbashi ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kabisa kushughulikiwa. Sababu ilikuwa kipindupindu. Mgonjwa anafika kituoni, anaulizwa anatoka wapi, anataja mtaa wa Katuba au wa Kenya, kata mbili za mji wetu, anataja kanisa fulani na kona fulani. Muuguzi anaandika. Lakini kwenye ramani zilizokuwapo sehemu kubwa ya mitaa hiyo haikuwa na jina, na mingine haikuwapo kabisa. Ukiwa na wagonjwa mia moja na huna ramani, huwezi kuona kwamba wengi wao wanachota maji kwenye kisima kimoja.

Basi watu wa kujitolea waliokuwa mbali, London na kwingineko, walifuata picha za setilaiti na kuchora barabara na paa za nyumba moja baada ya nyingine. Picha ya setilaiti, hata iwe safi namna gani, haisemi mtaa unaitwaje. Hiyo ilikuwa kazi ya wenyeji. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walipita mitaani na ramani zilizochapwa, wakauliza, wakaandika majina kwa kalamu, kisha wakayaingiza. Kazi ya mikono miwili, mmoja wa mbali na mmoja wa nyumbani, na bila wa nyumbani ule wa mbali ungebaki na mchoro wa mabati usio na majina.

Sasa tazama leseni yake. Tangu Septemba 2012 data za OpenStreetMap zinatolewa chini ya leseni iitwayo ODbL. Inakuruhusu kutumia ramani, kuichapa, hata kuiuza. Inadai hasa mambo mawili ya msingi: uwataje waliochangia, na ukiiboresha data yenyewe na kuitangaza, uitoe kwa masharti yaleyale. Majina ya mitaa ya Katuba yaliyoandikwa na mwanafunzi wetu hayawezi kuchukuliwa, kuongezewa mengine, na kurudi kwetu yakiwa mali ya mtu mmoja.

Linganisha na Google Map Maker, iliyofunguliwa mwaka 2008. Nayo iliwaita watu wa kawaida wachore mitaa yao, na Waafrika wengi walichora kwa moyo. Mwaka 2017 ilifungwa. Barabara walizochora zilibaki ndani ya ramani za kampuni, kwa masharti ya kampuni. Hakuna sheria iliyovunjwa hapo, maana waliochora walikuwa wamekubali. Lakini nikiulizwa ni ipi kati ya kazi hizi mbili ningempa kijana wangu aifanye wakati wa likizo yake, sina haja ya kufikiri.

Mzizi wa wazo hili la kurudisha uko nje ya ramani. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, akitaka kuandika mfumo mzima wa kompyuta ambao kila mtu angeweza kuusoma na kuubadilisha. Mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL. Ujanja wake naona ni mojawapo ya mambo makubwa yaliyobuniwa na wanasheria na mafundi kwa pamoja: inatumia haki ya mwandishi, ile sheria ya kawaida ya kuzuia watu kunakili, ili kulazimisha uhuru wa kunakili. Anayekupa programu ya GPL lazima akupe na msimbo wake, yaani maandishi ya fundi kama yalivyoandikwa, na akupe haki zilezile alizopewa yeye. Linus Torvalds aliiweka Linux chini ya leseni hiyo mwaka 1992. Leo simu za Android zinazouzwa kila kona ya soko la Mzee Kabila zina kiini cha Linux ndani yake.

VLC, programu ya kuchezesha video, naitaja haraka kwa sababu haihitaji utetezi. Ilianza kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996, ikatolewa chini ya GPL mwaka 2001, na hadi leo haina matangazo. Inafungua video ya harusi iliyonakiliwa nusu, faili iliyokatika umeme ulipozimika. Kiwix nayo inakuwezesha kubeba Wikipedia nzima kwenye kadi ndogo na kuisoma bila intaneti, bila kununua mega hata moja. Mwalimu akimnakilia mwenzake haibi, kwa kuwa leseni ya Wikipedia inamruhusu waziwazi. Natamani kila shule ya Haut-Katanga iliyo mbali na mnara wa simu iwe nayo.

Hapa nafika kwenye ugomvi wa kweli, nao ni ugomvi na marafiki. Vijana wengi wanaoandika programu hapa mjini wanapenda leseni ya MIT, au dada zake BSD na Apache. Ya MIT ni fupi na haina maneno ya kisheria ya kutisha. Inakwambia: chukua, fanya utakavyo, acha jina langu tu. Kijana wa Silicon Valley anayeichagua anajua kwamba kesho anaweza kuajiriwa na kampuni itakayochukua kazi yake. Sisi tuko mahali pengine. Tangu wakati wa Wabelgiji, kinachotoka Katanga kinatoka kikiwa ghafi au nusu ghafi, kinasafishwa kwingine, na kinarudi kikiwa na bei. Congo inachimba zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Sehemu kubwa husafishwa China, na malori yanayoibeba tunayaona kwenye foleni ya Kasumbalesa. Leseni ya MIT inaruhusu jambo hilohilo kwa msimbo: uchukuliwe bure, usafishwe, ufungwe, uuzwe kwa aliyeuandika. Mfumo wa PlayStation 4 ya Sony umejengwa juu ya FreeBSD, mfumo wenye leseni ya BSD, na Sony haikulazimika kutoa kazi iliyoiongeza. Ilitii leseni kikamilifu. Ndiyo maana lawama yangu inakwenda kwa leseni.

Kuna mfano mmoja unaonipinga, na ni wa haki niutaje. Takwimu za afya za Congo, kutoka kanda za afya 519, hukusanywa kwa DHIS2. Ni mfumo uliokua kutoka Afrika Kusini ya miaka ya 1990 na kulelewa na Chuo Kikuu cha Oslo, na leseni yake ni BSD, ile legevu. Haujaibwa na mtu, wala haujafungwa. Lakini angalia kinachoulinda: chuo cha umma kinachosimamia kiini chake, fedha za wafadhili za miaka mingi, na wizara nyingi za afya zinazoutegemea. Mradi wenye walinzi wa namna hiyo unaweza kujiachia na leseni legevu. Kijana mmoja wa Kampemba aliyeandika programu yake usiku, umeme ukiwapo, hana mlinzi mwingine ila leseni.

Ninachokichukia zaidi ni programu ya kukodi isiyo na mwisho. Mwaka 2013 Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya ya zana zake za michoro hayatauzwa tena kwa leseni ya kudumu. Utalipa kila mwezi au kila mwaka, ukiacha kulipa unafungiwa mlango. Microsoft bado inauza Office ya kulipia mara moja, lakini nguvu zote inazisukuma kwenye usajili. Autodesk ilifuata njia hiyo mwaka 2016, na zana zake ndizo wanafunzi wetu wa ujenzi na migodi wanazofundishiwa.

Fikiria mtu anayechora mabango ya harusi na ya makanisa. Kazi yake inaenda na msimu. Pesa zake ziko kwenye simu, M-Pesa au nyingine, wala hana kadi ya benki ya kimataifa. Programu inataka kadi hiyo, inataka dola, na inataka intaneti ili ihakikishe mara kwa mara kwamba bado amelipa. Siku umeme na mtandao vikikosekana pamoja, zana yake inaanza kumshuku. Hata akiwa na dola mkononi, hana namna ya kuzipitisha. Na michoro yake ya miaka yote imehifadhiwa kwa muundo ambao programu hiyo ndiyo inaufungua vizuri. Huo mkataba haumfai, na ningependa aambiwe hivyo kabla hajaanza, siku ileile anapojifunza kushika kipanya.

Jibu la mji kwa tatizo hilo ni kukraki, yaani kuvunja kufuli la programu ili itumike bila kulipiwa. Ingia kwenye secrétariat public yoyote karibu na chuo, pale wanafunzi wanapopanga foleni kuchapisha tasnifu zao za mwisho, na utakuta Windows iliyokrakiwa, Word iliyokrakiwa, na flash zinazobeba virusi kutoka mashine moja hadi nyingine. Simlaumu mwenye meza ile. Ana watoto wa kulipia shule, na hakuna aliyewahi kumweleza kwamba LibreOffice ipo, ni bure kihalali, na inafungua faili nyingi za wateja wake. Ila sikubaliani na wanaosema kukraki ni uhuru wa maskini. Programu iliyokrakiwa inakufunga kwa bwana yuleyule, na inakunyima ulinzi. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja kwenye Windows. Mei mwaka huo kirusi cha WannaCry kilipita kwenye tundu hilohilo katika nchi zaidi ya mia, kikifunga mashine zisizokuwa na kiraka, na wanaokraki mara nyingi huzima masasisho ili wasigunduliwe.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 kwa kawaida. Windows 11 inadai vifaa ambavyo mashine nyingi za mitumba tunazoletewa hazina. Mashine hizo ni nzima: skrini nzima, diski nzima. Zitaitwa mbovu kwa sababu ya uamuzi uliofanywa ofisini, ng'ambo ya bahari. Linux inaendesha nyingi kati ya hizo bila shida. Hapa sijali kabisa falsafa; hata anayeichoka hotuba yangu yote ya leseni aweke Linux kwenye mashine yake ya zamani aendelee na kazi.

Kuna tozo moja iliyotuudhi wote, na haikutoka kwa kampuni ya ng'ambo. Mwaka 2020 serikali yetu ilianzisha RAM, rejista ya simu za mkononi, chini ya ARPTC, mamlaka ya kudhibiti mawasiliano. Mwenye simu ya 2G alitozwa dola 1 kwa mwaka, na mwenye simu ya 3G au 4G dola 7, zikikatwa kwenye salio lake kidogokidogo. Mama anayeuza nyanya alikuwa akiweka unité, yaani salio la simu, asubuhi na kuikuta imepungua kabla hajapiga simu. Ilifutwa mwaka 2022 baada ya kelele nyingi, bungeni na mitaani. Naitaja kwa sababu ilionyesha kitu kizuri: watu wa nchi hii wanajua kabisa kukataa mkataba mbaya wa teknolojia, ilimradi wauone ukikata pesa zao. Mikataba mingine haikati pesa siku hiyohiyo, ndiyo shida.

Mikataba ya kubadilishwa njiani ni mibaya kuliko inavyodhaniwa. Agosti 2023 kampuni ya HashiCorp iliondoa programu yake ya Terraform kwenye leseni ya Mozilla iliyokuwa huru, ikaiweka kwenye leseni inayokataza ushindani. Watu wa nje waliokuwa wamechangia msimbo kwa miaka walijikuta wamejenga nyumba ya mwenzao. Kilichowaokoa ni kwamba toleo la zamani lilikuwa limetolewa kwa leseni isiyoweza kufutwa. Wakalichukua, wakaanzisha OpenTofu chini ya Linux Foundation. Hilo ndilo swali langu la mwanzo likijibiwa vizuri: mwenye nayo aliondoka, nao wakabaki na kitu.

Na sasa lugha zetu zenyewe zimekuwa programu. Mwaka 2022 Meta ilitoa mfumo wa kutafsiri lugha 200, NLLB, na ndani yake mna Kiswahili, Kibemba, Kiluba cha Kasai, Kilingala. Ni lugha unazozisikia zote ukisimama saa moja kwenye kituo cha basi hapa mjini. Kazi ni kubwa na naiheshimu. Lakini mfumo wenyewe ulitolewa kwa leseni inayokataza biashara. Mtafiti wa chuo anaweza kuuchezea. Mtu wa commune Kenya anayetaka kuwatafsiria wafanyabiashara wa Kibemba kutoka Zambia, na kulipwa, haruhusiwi. Lugha ni ya bibi yake, ruhusa ni ya watu wa California. Mozilla Common Voice ilifanya kinyume: sauti za Kiswahili zilizokusanywa pale zinatolewa kwa leseni isiyo na sharti lolote. Mimi ningetaka njia ya katikati, ile ya kurudisha, maana sauti za wazee wetu zikitolewa bila sharti nazo zitageuka madini. Lakini kati ya kukatazwa na kuachiwa, naiona ya Mozilla ina heshima zaidi.

Wapo wanaopendekeza leseni za maadili: programu isitumiwe na kampuni inayonunua kobalti iliyochimbwa na watoto, kwa mfano. Moyo wangu unaipenda hoja hiyo, kwa sababu naishi karibu na jambo lenyewe. Hata hivyo siiungi mkono. Mtunzi wa programu hana mkaguzi kwenye machimbo ya Kolwezi wala mahakama. Kazi hiyo ni ya sheria, ya serikali, na ya wanunuzi wenye mikataba ya mabilioni, na kuitupia leseni ya programu ni kuwapunguzia mzigo.

Neno langu la mwisho ni kwa ninyi mnaoandika programu, wa chuo cha ESIS Salama, wa Polytechnique, na wale waliojifunza wenyewe kwa simu. Wengi wenu mnaweka kazi zenu mtandaoni bila leseni yoyote, mkidhani mmezitoa kwa wote. Hamjazitoa. Congo imo katika Shirika la Biashara Duniani tangu 1997, na mkataba wa shirika hilo wa haki za ubunifu unaihesabu programu kama kazi ya maandishi. Programu isiyo na leseni inabaki imefungwa, na mwenzako wa Likasi anayeitaka kihalali hawezi kuigusa. Fungua faili moja leo, andika jina lako, mwaka, na leseni uliyoichagua. Mimi ningechagua GPL. Wewe ukichagua MIT baada ya kuisoma, ni haki yako, mradi umeisoma.